Vitunguu vya Filomena Vilivyotoa Maua

Pale Mbagala, nyuma ya duka la Samiha, hakuna aliyeelewa kwa nini Filomena anaacha vitunguu vyake vitoe maua. Watu wa mjini kitunguu kikitoa maua wanakiona kimeshaharibika, ng'oa tupa. Yeye akiulizwa hujibu, "Mie nimekuuliza kwako unapika nini?" Basi, maneno yameisha. Kujieleza kwa watu hajaona faida yake.

Vitunguu vile vilitoka kwao Mbinga, kwa mama yake mzazi. Vyekundu vya kukolea, vikali mpaka jirani anapenga kamasi. Kule kwenye baridi hutoa maua vyenyewe. Mbagala joto, havitaki. Filomena alihangaika navyo miaka, mpaka akapata dawa: anachagua vilivyo vizuri, anavifunga mfukoni, anamwomba Samiha avilaze chini kabisa kwenye friji la soda mpaka masika iishe. Akivitoa na kuvipanda, vinadhani vimetoka kwenye baridi ya Mbinga. Vinasimamisha bua, vinafungua kichwa cheupe, nyuki wanakuja.

Mwaka huu roho yake ilikuwa juu. Mbegu ya kitunguu haikai muda mrefu, na kopo lake la akiba lilishika unyevu, likaota ukungu lote. Alimpigia simu kaka yake Leonardi aliyebaki nyumbani, amtumie mbegu nyingine.

"Dada, hiyo sie tuliiacha zamani. Siku hizi tunanunua za pakiti."

Kwa hiyo zilibaki zile tu za kwenye kitalu chake, pembeni ya bomba. Maua yalishafunga vifuko, lakini mbegu ndani zilikuwa bado changa, ukizibonyeza zinatoa maziwa. Zilitaka jua kidogo tena, mpaka vipasuke vionyeshe weusi.

Asubuhi moja kilio kikatoka kwa Samiha. Mumewe, Mzee Muhsin, alianguka akitoka kutia udhu, hakuinuka. Haukupita muda, Anwar, mdogo wa marehemu, akawa mlangoni kwa Filomena.

"Shikamoo Mama Noela. Kwetu turubai limejaza pote. Tunaomba uwanja wako, wapishi wakae huku."

Angesemaje? Mumewe Gervas alipofariki, Muhsin ndiye aliyehangaika kutafuta gari la kumpeleka Mbinga.

"Marahaba. Piteni."

Aliona aibu kusimama akilinda vitunguu na maiti haijaoshwa. Akaburuta benchi, akaziba nalo mbele ya kitalu, akajiona kamaliza. Akajifunga kanga, akaenda kukaa na Samiha.

Sasa benchi gani linabaki mahali pake msibani? Wazee walipoanza kufika, lilibebwa likapelekwa turubaini.

Filomena alipotoka kuchota maji, kitalu kilishakuwa jiko. Mafiga yamesimama, sufuria la pilau linatokota juu yake, na Loveness, yule msusi wa nyumba ya mbele, anafuta jasho na kuchekelea.

"Bibi, nimekusaidia! Vile vilivyoharibika nimeving'oa vyote. Vigumu kama mti, hata kwenye pilau havifai."

"Umeviweka wapi?"

"Hapo kwenye kuni."

"Nani kakutuma, mshenzi wewe? Kwenu hukufundishwa kuuliza?"

"Bibi jamani, si vitunguu tu? Nitakununulia kilo."

"Kilo ya nini! Vimekufa, unasikia? Vimekufa vyote!"

Visu vikasimama mikononi mwa wanawake. Ng'ambo ya ukuta Yasini ilikuwa inasomwa, nayo ikakatika. Kisha ikaja sauti ya Samiha, imekauka kwa kulia.

"Mama Noela, mume wangu bado yumo ndani."

Hapo Filomena akatua ndoo chini. Akainama, akachambua kwenye kuni. Mabua mengine yalishashika moto, mengine yalikanyagwa vichwa vikasagika. Yaliyobaki akayasimamisha kwenye ndoo ya maji chumbani kwake, huenda mbegu zikakomaa. Akarudi, akachukua kisu, akaketi kumenya vitunguu vya sokoni pamoja na wenzake. Hakuna aliyesogea kumpisha wala kumsemesha. Machozi yalimtoka, na wao yaliwatoka.

Hitima ilipopita, Samiha akiwa edani, Filomena alikwenda kila asubuhi kumjulia hali. Samiha aliitikia, lakini hakumwambia "kaa". Filomena naye husimama kidogo mlangoni, halafu hugeuka na kurudi kwake kupekua ndoo.

Mabua yalipokauka, alimwita Loveness. Binti alikuja kwa woga, akabaki kizingitini.

"Ingia, sikuli. Shika hili bakuli."

Akafikicha vichwa kiganjani, akapeperusha makapi, akamwaga mbegu ndani ya maji.

"Za mama yangu hizi," alisema bila kumtazama. "Kwetu hawanazo tena."

Loveness alisogeza bakuli karibu. "Kwa nini hukusema, bibi?"

Filomena alitazama bakulini. Mbegu zilikuwa zinaelea, karibu zote, nyepesi, mapepe matupu. Aliyakoroga maji kwa kidole, akasubiri, akakoroga tena. Akayamwaga taratibu. Chini ya bakuli zilibaki chache, nyeusi, zimeshikana.

"Hizi nzima?"

"Sijui," alisema Filomena. Akazitandaza juu ya kitambaa. "Funga mlango huo, upepo usije ukazichukua."