Mchongaji wa Osmbi Asiyeweza Kumchongea Ndugu Yake

Maji yameshuka asubuhi hii, na harufu ya matope imeingia hadi ndani ya nyumba ya wanaume. Ladislaus Akatpits ameketi sakafuni kando ya gogo la mkoko. Anapiga patasi mara mbili, anapumzika, anapiga tena.

"Mkono bado unataka," anasema. "Mgongo ndio umegoma."

Nguzo hii yenye sura ya mtu, inayoitwa bis, ni ya mzee aliyefariki msimu uliopita. Itapewa jina lake, watu wataililia na kuichezea ngoma, kisha itapelekwa kwenye misago, mitende inayowapa unga wa kula, ikaoze huko. Hapo ndipo marehemu atakapotulia. Hadi siku hiyo, wafiwa ndio wanaomlisha mchongaji.

"Kikapu kizima cha funza wa sago amemaliza, na baba yangu hata pua hana!" analalamika Emerensiana, binti wa marehemu, akimwekea chakula.

"Pua inakuja, mama. Au unataka nimpe kama yako?"

Wanaume wanaangua kicheko. Ladislaus anatabasamu kidogo tu, anarudi kwenye gogo.

Ana miaka sitini na moja, na ndiye mchongaji wa mwisho kijijini Osmbi. Wenzake wamekufa. Vijana wamehamia mjini Agats, ambako huchonga sanamu ndogo za kuuzia wageni, rupia zinaingia, hawana hamu ya kurudi.

Uchovu wake hasa hautokani na mgongo. Ndugu yake, Kosmas, alizama mtoni mwaka juzi, na mpaka leo hana nguzo. Hapa mtu hamchongei wa damu yake.

"Nani atanilisha? Nijipikie, nijishukuru mwenyewe? Huo utakuwa wazimu," anasema. Kisha sauti inashuka. "Wafu wa watu wote nimewachonga mimi. Wangu yuko nje tu, hajatulia. Inaniuma sana."

Aliyebaki wa kumwomba ni shemeji yake, Titus Mbakem, mtengeneza mitumbwi. Mitumbwi yake haivuji, lakini sura ya mtu hajawahi kuipatia.

"Shemeji huyu nilimwambia mapema," anasema Titus. "Kosmas atatoka kama kasia. Asije akanilaumu."

"Na wewe ulivyo, kasia ni bahati," Ladislaus anamjibu.

Titus amekubali kwa sharti moja: Ladislaus asiguse patasi wala asitoe neno. Kwa mtu aliyechonga maisha yake yote, hiyo ni adhabu, na anakiri hivyo. Mti wa nguzo ya Kosmas utakatwa baada ya sherehe ya nguzo hii.

"Atamharibu sura, najua," anasema, akinyoosha kiuno kwa tabu. "Mimi nitampelekea Titus sago yake, nitakaa pale, nitafunga mdomo. Siku tukimwita Kosmas kwa jina lake, ataitika. Akiwa na sura yoyote ile, ataitika."