Kutu Aliyoiondoa Apollinaire

Mpe Apollinaire kijiko cheusi, atakurudishia kioo. Ndiyo kazi yake, na tangu afike Durban kutoka Uvira hajafanya nyingine. Kiwandani Jacobs anang'arisha mabomba ya maji, mia tatu kwa siku, na ole wako umwonyeshe lenye doa. Hata kanisani macho yake hutoroka mahubiri kwenda kukagua vitasa vya milango.

Kwa miaka kumi na mmoja amepanga chumba cha uani huko Overport, kwa Mama Khairoonisa, ajuza ambaye mababu zake waliletwa Durban kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Apollinaire alipougua homa ya mapafu, ni yeye aliyemnywesha uji kwa mkono wake. Basi hakuna jambo ambalo angemnyima.

Kisa chenyewe ni cha upanga. Baba yake Mama Khairoonisa alikuwa mpishi wa meli. Mwaka 1951 aliondoka, binti akiwa na miaka sita, asirudi tena. Mwaka uliofuata baharia mmoja alileta kifurushi kutoka kwake, akakiacha mlangoni, akaenda zake. Ndani mlikuwa na kris, upanga wa visiwa vya Asia wenye ubapa uliopindapinda tangu mpini hadi ncha. Tangu siku hiyo Mama alikuwa na swali moja tu: umefuliwa wapi? Kwake yeye, hapo ndipo mahali pa mwisho baba yake alipokanyaga, na alitaka kuitaja nchi hiyo katika dua kabla hajafa.

Mwaka huu daktari alimpa miezi michache ya kuishi. Ndipo akapatikana Estella, mtafiti mstaafu wa silaha za kale anayeishi Glenwood. Aliangalia picha ya upanga, akasema atakuja Jumamosi auone mwenyewe.

Alhamisi Mama akamwita Apollinaire. "Mwanangu, mgeni anakuja, na upanga umejaa kutu. Naona haya. Nipangusie kidogo."

"Mama, usisumbuke. Hii iko kazi yangu. Kesho jioni itakuwa propre, safi kabisa."

Kidogo! Neno hilo Apollinaire halijui. Aliupeleka kiwandani, akaupitisha kwenye gurudumu la msasa, kisha la kitambaa. Karibu na mpini, chini ya kutu, aliona mikwaruzo myembamba. Akaikandamiza mpaka ikaisha, akafurahi. Jioni Mama aliuona uso wake ndani ya chuma, akacheka.

Jumamosi Estella alifunua kitambaa kilichoufunika upanga. Aligeuza upanga, akaugeuza tena, kisha akauliza ni nani aliyeusafisha. Umbo lake, alieleza taratibu, linaonyesha ulitoka kusini mwa Ufilipino au kaskazini mwa Borneo, na hapo katikati kuna visiwa chungu nzima. Lakini kwenye picha, chini ya kutu, aliona herufi za Kiarabu zilizochongwa. Huenda zilitaja mji, ila pichani hazikusomeka. Hizo ndizo alizokuja kusoma.

Apollinaire akaikumbuka ile mikwaruzo.

"Eish, Mungu wangu," alisema.

Alijaribu kila kitu. Aliuinamisha upanga kwenye mwanga wa dirisha. Akaupaka maji ya ndimu, kwa kuwa Estella alimwambia huamsha mistari ya chuma. Mistari hafifu ikajitokeza, herufi hazikurudi. Akapapasa kwa kidole kilichozoea kugundua kasoro nyembamba kuliko unywele. Hakuna kitu. Kazi yake ilikuwa safi, na kwa mara ya kwanza maishani aliichukia.

Estella akaandika maneno mawili kwenye karatasi kwa herufi za Kiarabu. Akamuuliza Apollinaire: aliona hili, au hili? La kwanza lilikuwa Jolo ya Ufilipino, la pili Marudu ya Borneo. Apollinaire alihitaji kunyoosha kidole tu, na Mama angepata mahali pa baba yake. Angeamini. Asingemuuliza tena. Ajuza alikuwa ameinama juu ya meza, anangoja. Apollinaire akainua kidole, akakishusha.

"Sijui, Mama," alisema huku analia. "Niliona ni mikwaruzo tu. Pardon, Mama. Nisamehe."

Mama Khairoonisa aliufunika upanga kwa kitambaa chake, pole pole, upande mmoja kisha mwingine. Hakupandisha sauti.

"Baba alikuwa amefika mpaka hapa mezani, mwanangu," alisema. "Umemfuta."