Wimbo Niliujua, Mhogo Sikuujua

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikishika mhogo.

Zilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, tumehamishiwa upande wa Sindeni, nami ni mkamwana mgeni kwa Bi Mwanahawa, mama wa mume wangu Athumani. Alasiri tulikwenda kisomo cha watu wazima kwa Mwalimu Rukia. Somo la mhogo mchungu alitufundisha kwa wimbo: menya, loweka, anika, twanga. Nililishika upesi kuliko wote. Walipokuja wageni kutoka wilayani nikasimama, nikaliimba lote bila kukosea, wakanipigia makofi. Tangu hapo jirani yangu Semkiwa, mwenye mdomo wake, akinikuta njiani husema, "Shikamoo Profesa! Leo unatufundisha nini?" Nami kichwa kikavimba. Debe tupu halikosi kelele.

Kiangazi kile kisima kilikauka, maji tukawa tunayafuata mbali. Nikautazama mhogo niliokuwa nimeumenya siku mbili nyuma, nikaubonyeza, mwororo. Nikajiambia, kuloweka si kulainisha tu? Huu umeshalainika wenyewe. Nikauanika juani, nikautwanga, nikasonga bada, ule ugali wetu wa mhogo. Wa kwanza kula alikuwa wifi yangu Zaina, kitinda mimba wa nyumba ile. Njaa ilimzidi, hakuwasubiri wakubwa.

Haukupita muda akaja jikoni anajishikilia ukutani.

"Wifi, nyumba inazunguka."

Nikadhani anatania. Mara akatapika, miguu ikamlegea, pumzi zikawa za mbio kama za kuku aliyekimbizwa. Bi Mwanahawa akainusa sufuria.

"Mkamwana, mhogo huu uliuloweka?"

"Ulikuwa laini, mama."

"Nani kakwambia tunaloweka ili ulainike? Tunatoa sumu!"

Jirani yetu Mzee Mhando akampakia Zaina kwenye baiskeli yake, mimi nakimbia ubavuni nimemshika asianguke, njia yote mpaka zahanati. Namwita, "Zaina! Zaina!" Mara anaitika, mara kimya. Mwanangu, usiombe kumwita mtoto asiitike, na wewe ndiye uliyempakulia.

Mungu akamrudisha. Tulipofika nyumbani Bi Mwanahawa hakunipiga wala hakunifukuza, na afadhali angenipiga. Alisema taratibu tu, "Wimbo uliujua. Mhogo hukuujua. Mbona hukuuliza?"

Ningeulizaje, na mimi ndiye Profesa? Nilionea haya ujinga wangu, na mficha uchi hazai.

Sasa juzi amekuja likizo mjukuu wangu Semeni, anayesomea udaktari chuo kikuu. Namuuliza habari za masomo, anacheka. "Bibi, kule ni madesa tu!" Nikamwambia anifafanulie. Kumbe ni karatasi za majibu walizoachiwa na waliowatangulia. Wanazikariri mtihani ukikaribia, wakitoka chumbani yote wameyaacha mlangoni. "Na tunafaulu, bibi," akasema. Yeye anaona cheti. Mimi namwona mgonjwa kalala mbele yake, ugonjwa umemjia kwa sura isiyokuwamo katika madesa, na mama wa mgonjwa amesimama hapo pembeni anamtazama Semeni usoni.

Ndiyo maana nawaambia ninyi mlioko vyuoni, mimi ambaye shule yangu ilikuwa ile ya alasiri. Usiogope mtihani, ogopa kupita mtihani nawe hujui kitu. Kukariri sikukatazi, hata Kurani tuliianza kwa kukariri. Lakini ukifundishwa "fanya hivi", uliza, "nisipofanya, itakuwaje?" Usipoelewa, nyoosha mkono, wacheke wanaocheka, kwani kicheko hakijazika mtu. Ukishasoma, mweleze mwenzio kwa maneno yako mwenyewe, au njoo jikoni unieleze mimi. Ukikwama, hapo ndipo penye kazi, rudi kitabuni. Na usingoje siku za mwisho, mwanangu, mhogo uliolowekwa asubuhi hauliwi mchana.

Haya, nenda kasome. Mungu akufungue kifua, akuondolee haya ya kuuliza, na kila atakayewekwa mikononi mwako arudi kwao akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Amina.