Mbuzi wa Bi Iris na Chupi ya Jumapili

Ko! Ko! Koko-ko! Mwiko juu ya mfuniko wa sufuria. Mlio huo, mwanangu, ninao masikioni mpaka leo, ingawa mwenye mwiko keshapumzika, Mungu amrehemu. Ndivyo Bi Iris alivyokuwa akianza hadithi. Kwao Grenada, kisiwa cha milima na mikungumanga, bibi yake aligonga hivyo, na watoto wa jirani wote wakaja mbio kukaa kwenye ngazi za mlango. Mkubwa akisema "Krik!", wao wanaitika "Krak!"

Wakati huo nilikuwa binti mbichi, miaka ya tisini inakatika, shule yangu darasa la saba na kozi fupi ya kuhudumia wazee, ila ndoto gunia zima. Kila asubuhi, huko ughaibuni, nilitoka mtaa wa Lanham nilikopanga kwenda Bladensburg kumsaidia Bi Iris kuoga, kumvisha soksi za miguu yake inayovimba, na kumpikia uji. Nyumba ilikuwa ya binti yake, Marva, aliyefanya kazi ya ofisi Arlington. Na alikuwepo mjukuu, Damian, wa miaka saba, ambaye macho yake hayakutoka kwenye kale kamchezo kake ka betri.

Basi kanisani kwao wazee waliombwa kuwasimulia watoto kisa kimoja cha utoto wao, Jumamosi mchana. Bi Iris akachagua kisa cha mbuzi. Alinisimulia kwanza mimi, jikoni, na nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni.

Kwao nguo nyeupe hazikutiwa dawa. Zilipakwa sabuni, zikatandazwa zikiwa mbichi juu ya mawe ya mtoni, jua lizing'arishe kwa ajili ya Jumapili. Mtoto anawekwa kulinda. Siku hiyo mlinzi alikuwa Iris mdogo, na mlinzi akafuata mapera. Akaja mbuzi wa bibi, jina lake Malkia, akaingiza kichwa kwenye chupi ya bibi, zile pana za zamani zinazofika magotini. Pembe zikatokea kwenye matundu ya miguu. Malkia akapanda kilima mbio, na huko barabarani nani anakuja? Mchungaji mzee wa kanisa, juu ya punda, macho yenyewe hayaoni vizuri. Akavua kofia yake kwa heshima. "Habari za asubuhi, mama. Kofia nzuri hiyo!"

Jioni Marva aliposikia, alishika kichwa. "Mama! Chupi? Kanisani? Sema skafu, tafadhali. Na watoto wa hapa wanajua nini habari za mawe ya mtoni? Sema mashine ya kufulia."

Bi Iris akatii. Akamjaribia Damian kisa kilichosafishwa, chenye skafu na mashine. Mtoto akauliza, "Imeisha?" Akarudi kwenye mchezo wake.

Kesho yake nilikuwa namvisha soksi. Nikamwambia, "Bi Iris, usijali, watoto ndivyo walivyo."

"Zuhura," akasema, "mimi siogopi kuchekwa. Naogopa huyu mtoto akue akidhani bibi yake alianzia hapa, kwenye hili kochi."

Jumamosi ikafika. Ukumbi umejaa, Damian kakaa nyuma kabisa. Bi Iris akagonga mwiko, ko, ko, koko-ko, akaanza na skafu. Watoto wakaanza kupiga miayo. Akauweka mwiko chini. Akamtazama Marva, akamtazama Damian, kisha akajivuta wima kwenye fimbo yake.

"Samahanini. Nimesema uongo, tena ndani ya nyumba ya Mungu. Haikuwa skafu. Ilikuwa chupi ya bibi yangu."

Mwanangu, ukumbi ulipasuka! Marva alijifunika uso na mkoba. Bi Iris akayarudisha yote: mawe, sabuni, mapera, pembe zinazochungulia. Alipofika kwenye "kofia nzuri hiyo", mchungaji wa pale alikuwa anajifuta machozi, na Marva mkoba wake ulikuwa unatetemeka kwa kicheko. Mimi nilikuwa namtazama Damian. Aliinuka, akapita katikati ya miguu ya watu, akaja kunisukuma nimpishe kiti karibu na bibi yake.

"Bibi, halafu Malkia alikwenda wapi?"

"Una haraka gani? Ngoja nikwambie."

Ndani ya gari ikawa hivyohivyo. Mto ule una samaki? Mapera ni matamu? Chupi ilirudi? Bi Iris anajibu huku kaniminya mkono.

Jumatatu nikamsifu. Nikasema, "Nyie mna visa. Sisi kwetu Muheza ni shamba tu."

Akanigonga mwiko kwenye paji la uso, taratibu. "Toa hilo 'tu' mdomoni. Mimi nimekaa nalo miaka mingi, karibu linipokonye mjukuu. Nani alifuga nini kwenu?"

Nikafikiri. Nikamkumbuka bata mzinga wa bibi yangu, aliyekuwa akitufuata chuoni, madrasa, na kukoroma kila mwalimu akisoma. Bi Iris alicheka hadi soksi ikamvuka.

Kwa hiyo, mwanangu, sikia. Ukisimulia ulikotoka, usipasugue wala kupanyoosha ili wageni wapapende. Acha matope yawe matope na chupi iwe chupi. Anayekupenda atataka kukujua hivyohivyo, na mtoto anayecheka kisa cha nyumbani kwenu tayari ameshaingia ndani. Nakuombea Mungu akupe masikio ya kukusikiliza na wajukuu wasioishiwa maswali, na popote utakapolala, kwenu pasikutoke moyoni.

Mchana ule wa Jumatatu nilirudi Lanham. Wenzangu wa chumba walikuwa kazini. Nikachukua mwiko na mfuniko, nikakaa kitandani, nikagonga, ko, ko, koko-ko.

"Paukwa," nikasema.

Nikasubiri kidogo, halafu nikajiitikia mwenyewe, "Pakawa," nikaanza kumsimulia yule bata.