Klabu ya Kofia za Viua

Kwa miaka kumi na tisa Mahfudha alikuwa mshauri wa wanafunzi katika skuli moja ya binafsi Ansab, huku Uarabuni, na kazi hiyo ilimfundisha kutoshtuka. Mtoto alie, mzazi afoke, yeye husukuma boksi la tishu mbele na kungoja. Mumewe, Nasr, alikuwa akimtania kwamba hata nyumba ikiungua atauliza kwanza kama chai imeshaiva. Wala hakukosea sana. Moyo wa Mahfudha uliingia ganzi zamani, na ganzi haiumi, ndiyo maana hakuitafutia dawa.

Basi siku Shatha alipoingia ofisini na fomu ya kuomba klabu mpya, Mahfudha aliisoma kama asomavyo orodha ya sokoni. Shatha alikuwa mwanafunzi wa darasa la kumi na moja, mtoto wa watu wa Unguja kama yeye. Kwenye nafasi ya madhumuni alikuwa ameandika wazi, bila hata kuzunguka: wasichana wanaopenda wasichana na wavulana wanaopenda wavulana wapate mahali pa kukaa na kusemezana.

"Mwanangu, unataka tufungwe sote?"

"Nnataka pa kukaa tu, bi Mahfudha. Tuko sita. Mmoja wetu, Maan, hali wala halali. Mimi nnamwogopea."

Mahfudha aliichana ile fomu vipande vidogo na kuvitia mkobani mwake, maana pipa la ofisini halikuwa la kuaminiwa. Akatoa fomu nyengine.

"Andika kushona kofia za viua. Nani atakuuliza? Kila nyumba hapa ina bibi anashona."

Akatia saini chini. Klabu ikaanza hivyo, kila Jumanne kipindi cha mwisho, mlango umefungwa, sindano mkononi. Kofia zilikwenda kombo, lakini watoto walisema. Wiki ya tatu Maan alikula sambusa mbili, na Shatha alizihesabu kwa macho huku akijifanya anatunga uzi. Mahfudha alikuwa akichungulia mara moja moja tu, na aliona kwamba jambo lile ni zuri. Kulihisi, hakulihisi.

Wote sita walitoka nyumba za Kiswahili, na Kiswahili ndicho walichojifichia. Watu wetu wa huku wana tabia hiyo. Mtu akiwa na la siri, dukani au hospitali, hukimbilia Kiswahili kama kwamba ni ufunguo wa nyumba yake peke yake. Millicent, mfanya usafi Mkenya aliyeletwa na kampuni, aliingia kila Jumanne na sinia la chai, akasema Kiingereza chake cha kazini, akatoka. Hakuna aliyeshusha sauti. Hakuna aliyejiuliza kwao Millicent watu husemezana kwa lugha gani.

Baada ya miezi miwili Millicent mwenyewe alimfuata Mahfudha jikoni.

"Madam, samahani. Mimi ni wa Kakamega. Kiswahili nimeongea tangu nikiwa mtoto. Nimeona nikuambie tu, mpunguze sauti."

"Umesikia nini?"

"Yote, madam. Lakini sijaambia mtu, na siwezi."

Mahfudha alimshukuru. Alirudi ofisini, akakaa, na hofu ikampanda toka miguuni. Ilikuwa hisia yake ya kwanza kwa miaka, na hakuipenda hata kidogo. Akapiga simu kwa kampuni ya usafi, akaomba wambadilishie yule wa skuli yao. Kosa lake nini, wakamuuliza. Hakuna kosa. Ikiwezekana, alisema, aje asiye Mwafrika. Alisema hayo Mahfudha, ambaye mamake kazaliwa Ng'ambo, Unguja, na akaona sawa tu. Kufika Alhamisi, Millicent alikuwa keshahamishiwa kufagia gereji za Wadi Kabir. Ile hofu ikashuka, ganzi ikarudi mahali pake.

Jumanne iliyofuata Maan alikuwa akiwasomea wenzake barua ya Kiarabu aliyomwandikia babake, barua ambayo hakukusudia kuipeleka. Mlango ukafunguliwa. Naibu mkuu, ustadh Loai, alisimama na kusikia mistari mitatu. Ilimtosha. Klabu ilifungwa saa ile ile, babake Maan akaitwa mchana huo huo, na kufika Jumapili, wiki ya skuli ilipoanza, kiti cha Maan kilikuwa kitupu. Walisema kapelekwa Sur kwa ami yake. Simu yake ilikuwa haipatikani.

Shatha alikuja ofisini, macho yamevimba.

"Bi Mahfudha, Millicent kenda wapi?"

"Wamtakia nini?"

"Kwani hujui? Kila Jumanne alikuwa akipiga deki nje ya mlango wetu kipindi kizima. Mtu akija, anamgeuza, eti sakafu mbichi. Akimwona ustadh Loai anagonga ndoo ukutani, na sisi tunanyamaza. Mara mbili katuokoa. Nani kamwondosha?"

Kusema uongo kungekuwa rahisi, na kampuni ya kusingiziwa ilikuwepo.

"Mimi," alisema Mahfudha. "Nilimwogopa."

Shatha alirudi nyuma hadi mlangoni. Hakufoka wala hakulia. Laiti angefoka.

"Sawa, ustadha," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. Akatoka, akaufunga mlango polepole kama watoto waliolelewa vizuri wanavyofanya.

Mahfudha alikaa akingoja aumie. Alijua kwamba hapo ndipo mtu huumia. Akaitazama mikono yake mezani kama ya mtu mwengine. Mwisho akanyanyua simu, akapiga kampuni ile ile, akasema anamtaka Millicent arejeshwe.

"Millicent yupi?" aliuliza karani. "Tunao watatu. Jina lake la pili?"

Miezi miwili alikunywa chai mkononi mwa mwanamke yule. Alifikiri, akafikiri tena, kisha akamwambia karani kwamba atapiga baadaye.