Tarehe ya Sindano ya Mwisho

Niliyoyaona kwa macho yangu nitayasema moja kwa moja. Niliyoyasikia nitasema nimeyasikia, na aliyenieleza nitamtaja. Yaliyozungumzwa na watu vibarazani, nisiyoyapatia hakika, sitayaandika hata pale yanaponipunguzia lawama. Umri wangu wa kazi nimeumaliza maabara, na maabara haina nafasi ya "inasemekana".

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi likakauka kama kadibodi, alinionyesha chupa yenye maji ya manjano.

"Nini hiki?"

"Mkojo, bwana."

"Umeupima?"

"Sijaupima."

"Umemuona aliyeutoa?"

"Sikumuona."

"Basi hayo ni maji ya manjano ndani ya chupa. Andika hivyo. Ukitaka kuandika ulichokidhani, kazi za barazani zipo tele."

Niliandika hivyo, na kwa muda mrefu niliamini kwamba siku ile nilifundishwa kazi yote.

Miaka yangu ya mwanzo niliitumia katika kituo cha afya upande wa Kidichi, nikiinamia darubini kutafuta vimelea vya malaria. Baadaye nikahamishiwa mjini, na miaka yangu ya mwisho niliifanya katika kliniki moja ya Mji Mkongwe ambayo sitaitaja jina. Mkuu wetu alikuwa Daktari Bingwa wa homoni, mama mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo wanaume ambao miili yao haikutengeneza testosteroni, yaani homoni ya kiume, kwa kiasi cha kutosha. Wapo walioharibiwa na matubwitubwi ujanani. Wapo waliofanyiwa upasuaji wa tezi iliyo chini ya ubongo. Waliokuja kutafuta ujana tu aliwarudisha makwao. Waliostahiki aliwaandikia sindano ya kufidia kilichokosekana, kila baada ya wiki tatu.

Vijana wanaosoma sasa waelewe kwamba kuanzisha sindano ile si kazi kubwa. Kazi ni kuipima na kuirekebisha. Tulikuwa tukiangalia mambo mawili makuu. La kwanza ni kiwango cha homoni katika damu. Kiwango hupanda baada ya sindano, kisha hushuka siku hadi siku; kwa hiyo sisi tulichukua damu asubuhi, kabla tu ya sindano inayofuata, tuone kimeshuka mpaka wapi. La pili ni hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Dawa ile huongeza chembe hizo, na damu ikawa nzito. Ikivuka hamsini na nne katika mia, sindano husimamishwa, kwa kuwa damu nzito huweza kuziba mshipa wa ubongo.

Kwa sababu hiyo fomu yangu ilikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya saa, na nafasi ya tarehe ya sindano ya mwisho. Bila ya tarehe hiyo, namba inayotoka kwenye mashine haina maana yoyote.

Wanaume wale walikuja peke yao. Waliingia kwa mlango wa uchochoroni, na katika benchi la watu sita wakikaa wawili, mmoja mwanzoni na mmoja mwishoni. Kwa Daktari waliitazama sakafu. Kwangu waliutazama ukuta. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe mke wangu alikuwa ameshafariki, na zilikuwepo siku ambazo maneno yangu yote kwa binadamu mwenzangu, tangu asubuhi hadi jioni, yalikuwa "kunja ngumi" na "fungua ngumi".

Aliyezungumza nami ni mmoja tu: Mwalimu Pandu wa Chwaka, mwalimu wa hesabu wa skuli ya msingi, mrefu, mwenye mzaha. Yeye hakuutazama ukuta.

"Daktari, kunguni wa Chwaka wana huruma kuliko wewe. Wao hawatii lebo."

"Mimi si daktari. Kunja ngumi."

"Nshakunja. Leo umekunywa chai, au unaisubiri damu yangu?"

Sikuwahi kumjibu mzaha hata mara moja. Lakini nilikuwa nikizijua siku zake za kuja, na siku hizo nilifika mapema.

Kwa kuwa Chwaka ni mbali na sindano ni za kila wiki tatu, Daktari alimruhusu achukue dawa, akachomwe na nesi mstaafu aliyekuwa jirani yake. Kadi ya sindano aliijaza mwenyewe, kwa mwandiko wa kialimu usio na kosa. Mambo yalikwenda vyema mwaka mzima. Kisha ikaja Ramadhani, na baada ya Sikukuu akaja kupimwa, safari hii pamoja na mkewe, Bi Mize. Mwalimu alipokuwa ndani akivuliwa saa na kupimwa presha na nesi wetu, Bi Mize alisimama mlangoni kwangu.

"Asalaamu alaykum, daktari. Nna neno."

"Waalaykumu salaam. Sema, Bi Mize."

"Huyu Ramadhani nzima hakuchomwa sindano. Anasema itamfunguza. Na usiku hataki kwenda kwa nesi, kule kumejaa watu wa tarawehe, wataniuliza nnaumwa nini, ndivyo anavyosema."

"Amekwambia yeye kwamba hakuchomwa?"

"Sababu kanambia, hilo lenyewe hajanambia. Ataniambia mimi? Chupa ziko kabatini vilevile. Nnaziona."

"Basi umeona chupa, Bi Mize. Hukuona kuchomwa wala kutochomwa. Pengine aliongezewa nyengine. Mimi nina kadi hapa, ina tarehe."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye msomi."

Sindano kama ile inafunguza saumu au haifunguzi, suala hilo lina wanazuoni wake, na mimi simo. Suala langu lilikuwa jengine. Mwalimu alikuwa hatua nane kutoka nilipokaa. Ningeweza kufunga mlango na kumuuliza: "Mwalimu, sindano ya mwisho ulichomwa lini?" Sikumuuliza. Nilinakili tarehe kutoka kwenye kadi, nikamwambia akunje ngumi, naye siku ile hakufanya mzaha. Hilo nililiona, na sikuliandika popote kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi yake.

Kiwango kilitoka chini sana. Mashine haikukosea, niliirudia sampuli mara mbili. Daktari aliitazama namba, akaitazama tarehe, akafanya ambalo daktari yeyote makini angelifanya: aliona kwamba dawa inaisha mwilini kabla ya wakati, akapunguza nafasi kati ya sindano na sindano, kutoka wiki tatu hadi wiki mbili. Alikuwa akimrekebishia dozi mtu aliyechomwa siku ishirini na moja zilizopita. Mtu huyo hakuwepo.

Miezi mitatu baadaye Mwalimu alirudi kwa tathmini. Uso ulikuwa umemwiva. Hematokriti ilisoma hamsini na nane. Nilipeleka karatasi kwa Daktari kwa mkono wangu. Mwalimu alikwisha kuondoka, kwa hiyo Daktari alimpigia simu mbele yangu: asichome tena, na kesho asubuhi aje atolewe damu ili ipungue uzito. Nilimsikia Mwalimu akijibu, "Naam, nnakuja."

Hakuja. Saa tano simu yake iliita bila ya kupokelewa. Hapo ndipo nilipomwambia Daktari maneno ya Bi Mize.

"Kwa nini hukuyaandika?"

"Sikuwa nimeona, daktari. Ilikuwa habari ya kusikia."

"Ungeniletea kama habari ya kusikia. Ningemuuliza swali moja tu." Kisha akasema kwa sauti ileile ya upole, "Nenda Chwaka."

Nilifika baada ya adhuhuri. Bi Mize alikuwa mlangoni. Hakulia wala hakunipigia kelele.

"Karibu, daktari. Leo umekuja kuona?"

"Nimekuja, Bi Mize."

"Basi pita ukaone."

Gari ya wagonjwa ilikuwa imeshaitwa na haijafika. Juu ya kabati ilikuwepo kadi. Safu ya Ramadhani ilikuwa na alama mbili za vema za wino wa kijani, kama zile anazoweka kwenye madaftari ya wanafunzi wake. Bi Mize alifungua kabati akanipa boksi. Ndani mlikuwa na chupa mbili zisizofunguliwa, zenye namba ya toleo la dawa tuliyompa mwezi wa Shaaban. Nililisoma boksi mara mbili, na nikamrudishia.

Siwezi kuapa kwamba sindano alizochomwa kila wiki mbili baada ya Ramadhani ndizo zilizomwangusha. Alikuwa na umri, na presha yake haikuwa nzuri. Ninaloweza kusema ni kwamba aliongezewa dawa kwa sababu ya namba yangu, na namba yangu ilikuwa sahihi juu ya tarehe ya uongo niliyoinakili kwa hati nzuri.

Nilistaafu mwezi uliofuata. Nakaa Mpendae, chumba kimoja cha mbele, na watoto wangu wananipigia simu siku za Ijumaa. Vijana wa maabara wakija kuniamkia huwaambia wamuulize mgonjwa, na asiyeulizika wamuulize mkewe, kisha waandike nani kasema nini. Wanaitikia kwa adabu na kutazama saa.

Juu ya Mwalimu, nimesikia kwa nesi wetu kwamba wanawe walimvusha kwenda Dar es Salaam na sasa anatembea na bakora. Nimesikia kwa muuza samaki kwamba alizikwa Chwaka. Chwaka si mbali, na mmoja kati ya hao wawili amekosea. Ningeweza kwenda kuhakikisha. Sijaenda.

Kwa hiyo ninalolijua linaishia chumbani mle Chwaka, siku ile. Alikuwa amelala chali, macho wazi, mdomo umepinda upande mmoja. Alinitambua. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikaishika mikono yake yote miwili, nikasema, "Kunja ngumi, Mwalimu."

Wa kulia ulikunjika. Wa kushoto haukukunjika.