Sauna ya Mama Brayo
Wivu ndio ulioniponza. Mimi na mzee wangu tulibishana wiki nzima tununue sauna ya mvuke au ya mawe, kumbe jirani yetu hapa Nakuru, Mama Brayo, ameshajenga kibanda cha mbao chenye taa nyekundu za joto. Yaani amenitangulia tena!

Jumamosi alipotoka, nilibeba taulo nikapenya kwenye ua wake nikajionee. Joto lilikuwa tamu ajabu. Nikavua nguo zote, nikajifunga taulo, nikakaa juu ya maranda nikitokwa na jasho na kumsengenya moyoni.

Mara mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mama Brayo na akina mama wawili wa kanisa, wamebeba maboksi ya vifaranga wa siku moja.

"Mama Shiru," akasema, "toka kwanza, wenye nyumba waingie."